Yule meneja wa ukumbi wa kule ziwani kamnyang'anya MC maiki bibi harusi akiwa AMEPIGA MAGOTI

Mwangaluka wakuu. Naandika hasira zikiwa bado za moto. Yule meneja simtaji, hana haja ya kutajwa, jiji zima la Mwanza linamjua kwa zile funguo zinazolia kiunoni kuanzia Igogo mpaka Pasiansi.

Jana usiku bibi harusi kapiga magoti, kipande cha keki mkononi, mama mkwe kafumbua mdomo. Meneja anapanda jukwaani, anampokonya MC maiki: "Muda wenu umekwisha, mkitaka saa moja zaidi leteni laki tano taslimu sasa hivi." Wazee wa Ukerewe wamekaa safu ya mbele! Mama mkwe mdomo wazi!

Na huo muda kaula yeye. Mkataba unasema ukumbi unakabidhiwa saa 2 asubuhi ili mpambaji aingie. Kumbe mchana kauuza tena kwa watu wa mahafali, wametoka saa 10 jioni. Ukumbi wa wageni 350 haupambwi kwa saa mbili. Vitambaa vya dari vinataka ngazi ndefu na vijana wanne, vikimalizika ndipo meza zinaingia, viti vinavishwa kimoja kimoja, maua yanawekwa mwisho kabisa yasinyauke. Ukianza saa 10, wageni wa saa 12 wanakuta ngazi imesimama mahali pa kuchezea. Sherehe imeanza saa 3 usiku, saa 6 anasema muda umekwisha. Muda gani?

Tena anautangaza kuwa unabeba watu 500. Labda wakipangwa kama kanisani! Meza duara ya futi 6 inakaa watu 10, na kutoka katikati ya meza moja hadi katikati ya nyingine unahitaji kama mita 3, la sivyo mhudumu mwenye sinia hapiti. Weka meza 35, jukwaa, meza kuu, keki, muziki, uone kama mlango unafunguka. Choo cha wanawake kina matundu mawili. MAWILI! Foleni ilianzia chooni ikaishia Buhongwa.

Lakini yote hayo tungemezea. Maiki! Mbele ya wakwe! Keki iko hewani!

Sato Mkavu: Mleta uzi, mkataba ulisema mwisho saa ngapi? Saa 6. Saa 6 ikafika. Halafu semeni ukweli, maharusi wa Mwanza wakitoka kanisani lazima wapitie Capri Point, kisha Jiwe la Bismarck, saa mbili zimekwenda kwa picha tu. Meneja anahusikaje?

Mleta uzi: Mkuu, picha zilirefushwa kwa sababu UKUMBI HAUKUWA TAYARI. Hata ungekuwa tayari, ndiyo umnyang'anye mtu maiki keki ikiwa hewani?

Dada Mpambaji: Poleni sana. Pale mimi siingii mpaka mkataba uandike saa ya kukabidhiwa ukumbi, na uandike kwamba ikichelewa, saa ya kufunga nayo inasogea kwa kiasi hichohicho. Sentensi moja tu. Kamati zinabishana juu ya rangi ya riboni wiki nzima, hiyo sentensi hakuna anayeiulizia.

Bwana Mkubwa wa Bwiru: Laki tano tu mnalia? Mbona kamati ilinunua mvinyo wa meza kuu.

Fundi wa Nyakato: Hamjalitaja jenereta lake. Limeandikwa kVA 20, maana yake kilowati 16 likiwa zima, na lile si zima. Viyoyozi sita vya BTU 24,000 vinakula kama kilowati 12. Ongeza muziki, taa za mpambaji na majokofu ya vinywaji, limezidiwa. Umeme unashuka, amplifaya zinajizima, watu wanamtukana DJ bure. Umeme wa gridi ukikatika zima viyoyozi vitatu kwanza, halafu muziki upewe fezi yake peke yake, isichanganywe na majokofu. Kabla ya kulipa mwambieni alizungushe saa nzima likiwa limebeba kila kitu. Akikataa, mmeshapata jibu.

Dada Mpambaji: Na bustani yake ya nje ni balaa jingine. Jukwaa kaligeuzia mgongo ziwani ili picha zipendeze. Mchana mpaka jioni upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo pazia la nyuma linasukumwa na kuwaangukia maharusi. Pale ni mwamba, kigingi cha hema hakiingii. Ukisogea majini ni mchanga, kigingi hakikai. Kila mguu wa hema unataka pipa la lita 200 lililojaa maji. Yeye anafunga kamba kwenye mwembe.

Mzee wa Kamanga: Msisahau wale wadudu wa ziwani wakati mwezi unaandama. Wanafuata taa nyeupe mpaka ndani ya supu. Taa nyeupe zifungwe mbali, upande wa ziwani ziwavutie huko, mezani ziwe za manjano hafifu. Tena ile bustani iko ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga hapo. Ziwa lilipojaa 2020 wenye bustani kama hizo walifunga biashara.

Sato Mkavu: Wakwe wa Sengerema nao waguswe. Zamani kisingizio kilikuwa kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, bado wanafika saa 3 usiku wakidai chakula.

Mleta uzi: Uzi ni wa MAIKI jamani.

Mama Bufee Kirumba: Wewe kaa na maiki yako. Muda wenu uliishia kwenye foleni ya chakula, nimeona picha. Meza moja ya bufee, upande mmoja, wanapita watu wanne kwa dakika. Wageni 350 ni karibu dakika 90. Weka meza mbili, watu wapite pande zote, mistari minne, mnamaliza chini ya nusu saa. Na anayepakua nyama awe mhudumu. Mkiacha wageni wajipakulie, meza za nyuma zinakula wali na kachumbari.

Bwana Mkubwa wa Bwiru: Mama Bufee, sato mzima au minofu ya sangara? Juzi nimelishwa sato wa baridi kama mbao.

Mama Bufee Kirumba: Sangara kwa watu wengi. Sato mzima mgeni anapambana na miiba amevaa suti, na akikaangwa mapema anakauka. Ukimtaka lazima, mkaange mara mbili: mchana nusu, umalizie wakati MC anaita meza ya kwanza. Na mafuta yawe moto sana.

Fundi wa Nyakato: Kwa jiko la gesi au mkaa?

Mama Bufee Kirumba: Gesi. Mkaa na ule upepo wa ziwani havielewani.