Kunguru wamezidi, lakini nani kakuruhusu kuweka sumu mtaani?

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa

Waungwana, nauleta mjadala huu hapa kwa sababu barazani kwetu umeshakuwa ugomvi. Majirani waliokuwa wakipeana futari leo hawasalimiani.

Wiki iliyopita tuliamka tukakuta kunguru wamekufa ovyo: wengine barabarani, wengine mitaroni, wengine juu ya mabati. Na si kunguru peke yao. Paka wa uchochoroni walikuwa wamekakamaa mlangoni kwa muuza samaki, na chini ya mti wa mkungu palikuwa na mwewe, kucha amezikunja, mzoga wa kunguru kando yake umeshadonolewa. Mwisho wa uchochoro mtu alikuwa ametandaza gunia na kumwaga matumbo ya samaki yenye chengachenga za rangi ya zambarau. Aliyefanya hivyo hajajitokeza. Nusu ya mtaa wanasema alhamdulillahi, nusu wanataka atafutwe apelekwe polisi.

Niseme msimamo wangu mapema. Kunguru hawa wa kijivu waondoke. Sina mapenzi nao. Utawala wa Kiingereza uliwaleta Zanzibar miaka ya 1890 wale taka za mji, na ilipofika 1917 serikali iyo hiyo ilikuwa ikiwalipa watu wawaue. Mombasa wameonekana tangu 1947, na sasa wanapanda na barabara ya Nairobi, Voi wapo. Wanakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo. Mimi nimekulia kwenye ua lenye ndege wadogo, chozi na shorewanda. Wajukuu wangu wanaijua sauti ya kunguru tu.

Lakini sumu ya kificho, usiku, kwenye uchochoro wanaopita watoto wa chuo cha Kurani? Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja, na dawa maalumu ikaidhinishwa kwa kazi hiyo. Yaani njia halali ipo. Swali langu ni hili: mtu akiona serikali imechelewa, ana ruhusa ya kujifanyia mwenyewe?

Mfuga kuku, Kisauni

Ruhusa anayo. Wewe umepoteza chozi, mimi napoteza ada ya shule.

Hujawahi kuwaona wakifanya kazi? Wanakuja wawili. Mmoja anatua nyuma ya mtetea, anamvuta mkia. Mtetea akigeuka kumfukuza, wa pili ameshaondoka na kifaranga. Wakimaliza wanarudi tena, na wanajua saa ninayokwenda dukani. Mtetea wangu wa mwisho aliangua kumi na mmoja, amebaki na wawili, na mmoja kati yao hana jicho. Nimekwenda ofisi fulani kulalamika, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Milioni moja wataondolewa kabla 2024 haijaisha, ndivyo tulivyoambiwa. Toka nje uangalie juu.

Paka nawasikitikia. Aliyeweka sumu simjui, lakini nikimjua nitampa mkono.

Kijana wa Kibokoni

Tena dini imeshamaliza suala hili. Hadithi sahihi inataja wanyama watano wanaouawa hata ndani ya Haram: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Kama anauawa Makka, itakuwa Mombasa?

Daktari wa mifugo, Kwale

Naomba niingie, kwa sababu mnazichanganya dawa mbili zisizo na undugu.

Ile iliyoidhinishwa inaitwa Starlicide, na inafanya kazi polepole. Kunguru hula, huruka zake, na hufa baadaye kwenye mti wa kulala, figo zimeharibika. Dawa yenyewe huvunjika haraka mwilini mwake, kwa hiyo paka au mwewe akiula mzoga hatari ni ndogo. Na haimwagwi hivi hivi. Wanaoifanya kazi hii huanza kwa siku kadhaa kuweka nyama tupu mahali pale pale, saa ile ile, wamekaa pembeni wanaangalia nani anakuja kula. Wakiona kuku au bata wanahama, maana kuku naye huuawa na dawa hiyo. Mfuga kuku, nakuomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Kunguru wakishazoea ndipo inawekwa nyama yenye dawa, na mabaki yanaokotwa yote.

Chenga za zambarau ni habari nyingine. Kwa maelezo yaliyotolewa nashuku carbofuran, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Furadan, dawa ya wadudu wa shambani. Ndiyo hiyo iliyoua simba na tai huko bara, watu wakiitia kwenye mizoga ya ng'ombe. Inaua papo hapo, na anayekula mzoga anakufa naye. Ndiyo maana mwewe alikutwa kando ya kunguru aliyemla. Sasa mtoto aguse gunia lile kisha alambe vidole: mate yanamtoka, jasho linamtiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inabana. Akiwahishwa hospitali dawa ya kumwokoa ipo. Akichelewa, basi.

Gunia lenyewe limefukiwa wapi? Limeondolewa na nani, kwa mikono mitupu? Hilo ndilo ningeuliza kwanza, kabla ya nani kaliweka.

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa

Daktari, kijana wa kuzoa taka alilikunja akalitia kwenye mkokoteni. Mikono mitupu. Nimemtafuta leo, yu mzima, lakini gunia limeishia jaani na haijulikani liko upande gani.

Mwalimu wa madrasa

Kijana wa Kibokoni, hadithi uliyoitaja ni sahihi, ila umeisoma nusu. Katika riwaya moja ya Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kunguru huyo ametajwa kuwa ni mwenye mabaka. Kunguru mwenye cheupe kifuani na shingoni, pwani hii, ni yule wetu wa asili, ambaye hawa wageni wa kijivu wamemfukuza mjini. Wanazuoni wameifasiri riwaya hiyo kwa mapana na mimi sitoi fatwa hapa. Nasema tu usiichukue hadithi kama leseni ya duka la dawa.

Na ipo nyingine, pia ya Muslim: Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, basi mnapoua, ueni kwa wema. Paka aliyegaagaa usiku kucha mlangoni kwa watu ameuawa kwa wema gani?

Mzee wa Unguja

Sisi haya yametupitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa na mradi wa kunguru kwa msaada wa Finland, mitego na dawa, wakapungua mpaka watu wakaanza kuwasahau. Mradi ukaisha, pesa zikaisha, wakarudi. Hata Watamu na Malindi kwenu huko walishawahi kupunguzwa, dawa ikasimamishwa, wakajaa upya.

Jambo ambalo naona hamjalifikiria ni akili ya ndege mwenyewe. Kunguru akimwona mwenzake anaanguka juu ya chakula hukisusia chakula kile, na hupiga kelele mpaka mtaa mzima wa kunguru ujue. Ndiyo faida ya dawa ya polepole aliyoieleza daktari: anayekula leo na kufa kesho, wenzake hawaunganishi. Mtu wenu ameua pengine sitini na kuwafundisha maelfu. KWS wakija na nyama yao mwezi ujao hapo kwenu, itaoza.

Mfuga kuku, Kisauni

Mzee wangu, hilo la kufundishwa nimelielewa. Lakini "wakija" ndilo neno linalotuua.

Mwanamke wa nyumba kumi, Likoni

Mimi nataka sheria, haya ya huruma baadaye. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ipo, Sura ya 360. Ya dawa za kuulia wadudu ipo, Sura ya 346, na bodi yake inayosema dawa gani itumike wapi. Dawa ya shamba kwenye uchochoro wa watu ni kosa hata kama kusingekufa chochote. Tukimpongeza huyu, kesho mwenye ugomvi na mbwa wa jirani atafanya vivyo hivyo, keshokutwa ni kisima. Mfuga kuku, wewe unasema utampa mkono. Nawe kuku wako wangeokota zile chenga ungempa nini?

Wa Salalah

Nawasoma kutoka Oman. Huku Dhofar nasi tuna kunguru hao hao, na ndege wengine wageni, mina, juu yake. Mamlaka ya Mazingira iliendesha kampeni, wanatega na kupiga bunduki, mchana kweupe. Siwasifu sana, ila angalau unajua nani wa kumuuliza paka wako akipotea.

Muuza viazi karai, Marikiti

Hakuna aliyewataja wanaowalisha. Kunguru wa kijivu haishi porini. Pasipo na watu hayupo. Tembea Marikiti saa kumi na moja jioni, angalia matumbo ya kuku, mapapai yaliyooza na maganda yanayolala pale hadi asubuhi. Ua wote leo, jaa likibaki wazi wengine watajaza nafasi. Mimi mwenyewe nilikuwa natupa mabaki nyuma ya kibanda, sasa nina ndoo yenye kifuniko, na kunguru wamehamia kwa jirani yangu asiye na ndoo. Naye ananilaumu mimi, si kioja?

Daktari wa mifugo, Kwale

Muuza viazi ana hoja nzito kuliko zetu sote, ila takataka peke yake haitoshi. India kwao kuna ndege aitwaye koeli anayetaga kwenye viota vya kunguru na kupunguza makinda yao. Huku hawana wa kuwataabisha. Taka zifunikwe, na wapunguzwe pia, mwaka baada ya mwaka, na watu wanaojua.

Mfuga kuku, Kisauni

Haya. Sumu ya kumwaga nimeacha kuitetea, hasa hapo penye kuku. Lakini sikai bure kungoja barua ijibiwe. Kuna viota vitatu juu ya mwembe, nyaya za hanga za nguo zinaning'inia. Hivyo naweza kuvishusha, au navyo vina sura yake ya sheria?

Daktari wa mifugo, Kwale

Pitia kwanza ofisi ya KWS iliyo karibu uwaulize, na safari hii nenda na picha badala ya barua. Kabla ya yote hakikisha wazazi ni wa kijivu. Ukiona mwenye kifua cheupe, shuka na umwache. Na ujiandae: ukivishusha watajenga tena, na wewe watakukariri sura. Ukipita na kofia, ukipita bila kofia, watakufuata.

Mwanamke wa nyumba kumi, Likoni

Na mwembe wenyewe ni wako au wa mwenye nyumba?

Mfuga kuku, Kisauni

Wa mwenye nyumba. Yeye ndiye anayewatupia mkate.