Nipo Malawi kikazi, mama mwenye nyumba na mtaa mzima wamenigeuka. Naombeni ushauri

Mnyalu wa Mafinga:
Habari zenu wakuu. Humu nasoma kimya kimya muda mrefu, leo imebidi nifungue akaunti maana sina pa kusemea.

Mimi ni Mtanzania, niko Mulanje, kusini mwa Malawi, pembeni kidogo ya Chitakale. Nafanya kazi kwenye shirika moja la misaada, jina tuliache. Najua mtu akisikia mfanyakazi wa misaada kutoka nje anamfikiria Mzungu na gari jeupe. Gari jeupe lipo, ila siku hizi linalala uani maana dizeli huku ni ya kuvizia, nami naenda vijijini nimepakiwa kwenye baiskeli za kabaza kama kila mtu.

Maisha nilikuwa nimeshayazoea. Ukungu na manyunyu ya miezi ya baridi hayakunisumbua, kwetu Mufindi ni hivyo hivyo. Kichewa cha sokoni nakimudu. Chakula ndiyo usiseme: nsima, yaani ugali wao, haipakuliwi ikiwa bonge moja, inachotwa kwa mwiko uliochovywa maji, vipande vinalazwa sahanini kimoja juu ya kingine, na majani ya maboga yanapikwa na unga wa karanga. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mjane, ndiye aliyenifundisha. Nimepanga nyumba ya uani kwake, na jioni nyingi mwanawe mdogo alikuwa anakuja na jagi na beseni ninawe, tunakula wote barazani. Mwezi uliopita tu alikuwa ananipa mahindi mabichi ya kuchoma, ametoka kuyavunja mwenyewe.

Tangu mwezi huu uanze mambo yamegeuka. Asubuhi namwambia "Mwadzuka bwanji, amayi?" anajibu "Bwino" huku anaangalia pembeni, basi. Haniulizi mimi nimeamkaje, na huku hilo ni jambo zito. Mtoto haji tena. Mama muuza mandasi wa kona, aliyekuwa ananiongezea moja kila asubuhi, sasa ananihesabia kimya kimya. Juzi usiku mtu karusha jiwe juu ya bati langu.

Sijachukua mke wa mtu, silewi, kodi nalipa mapema. Mliowahi kuishi huku, nitakuwa nimevunja mila gani? Na nifanyeje tuelewane kabla ya Ijumaa?

Bwana Kitonga:
Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Mzee wa Kasumulu:
Malawi naijua vizuri. Miaka ya tisini nilikuwa navusha mchele wa Kyela kwenda Karonga, na wakati mwingine nafika mpaka Mzuzu. Mmalawi ni mpole, kijana. Ukiona kakununia ujue umegusa chakula au umegusa heshima. Mimi niliwahi kukorofishana na mwenye duka pale Karonga kisa mzani. Yeye kilo yake na kilo yangu hazikufanana. Hakupiga kelele. Alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa, akaninyima biashara msimu mzima! Nilikuja kuokolewa na mke wake, aliyekuwa anaupenda ule mchele wenyewe.

Nunua sukari, sabuni na kipande cha chitenje, nenda na mtu mzima wa pale mtaani akusemee. Yataisha.

Bi Mkasi:
Mwanangu, unakula kwa mjane kila jioni, ulikuwa unatoa nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana wa siku hizi mnalipwa kwa dola halafu mnanawishwa mikono na watoto wa watu. Ungekuwa wangu ningekuambia ukapige magoti.

Chapombe wa Mwanjelwa:
Oa binti yake yaishe.

Mnyalu wa Mafinga:
Asanteni wakuu. Bi Mkasi shikamoo, sukari na mafuta nilikuwa nachangia, sikuwa nakula bure. Chapombe, binti yake yuko Joni, yaani Afrika Kusini, kaolewa huko na anamtumia mama yake pesa kila mwisho wa mwezi. Tusifike huko.

Mzee, nimekuelewa. Ila mtu mzima wa kunisemea nimpate wapi ikiwa wote wamenuna?

Dada wa Kibondo:
Nimefanya kazi za misaada Kigoma, baadaye nikatoka nje ya nchi. Maswali mawili, mdogo wangu. Kwa nini Ijumaa? Na shirikani kwako unafanya nini hasa? Umetueleza mpaka majani ya maboga, hilo hujalitaja.

Mnyalu wa Mafinga:
Ijumaa ni mambo ya kikazi tu dada, hayahusiani sana na hili.

Dada wa Kibondo:
Hayahusiani sana lakini umeyaandika. Tuko Novemba, kusini mwa Malawi, mwaka wa ukame. Wewe ni mtu wa orodha.

Mnyalu wa Mafinga:
Sawa dada. Nasimamia uandikishaji wa kaya za mgao.

Kwa wasiofahamu: Machi mwaka huu wa 2024 rais wa hapa alitangaza janga katika wilaya 23 kati ya 28, sababu ya ukame. Makadirio ni kwamba watu milioni 5.7 watahitaji msaada wa chakula kati ya Oktoba na Machi. Kwetu mgao ni mfuko wa kilo 50 wa mahindi kwa kaya kwa mwezi. Kijiji ninachosimamia kinaanzia nyuma ya choo chetu, kwa hiyo mama naye ni wa kijiji hicho. Wanakijiji ndio wanaochagua wenyewe mkutanoni, mimi nahakiki. Orodha ilivyosomwa, jina lake halikuwemo.

Ijumaa ndiyo mwisho wa marekebisho. Nafasi zipo, kuna waliohama na kuna mzee amefariki. Na kweli nilishawahi kumwambia asiwe na wasiwasi. Ni maneno ya barazani, mtu umeshiba, unasema. Lakini niambieni ukweli, mjane mwenye watoto wadogo ndani, mahindi sokoni yamepaa, akiandikwa kuna dhambi gani? Fomu yake nimeshaijaza, imebaki sahihi tu.

Bwana Kitonga:
Kumbe! Mtu anauliza mila wakati fomu iko mezani.

Mtendaji Mstaafu:
Nimecheka kwa uchungu. Mwaka mmoja wa njaa yalikuja mahindi ya serikali kijijini kwangu, orodha iko mikononi mwangu, na mama mkwe anakaa nyumba ya nne kutoka ofisini. Sikumwandika, maana ng'ombe wake kijiji kizima kilikuwa kinawajua kwa majina. Hakuitikia salamu yangu mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mke wangu akinitengea ugali alikuwa anauweka mezani kwa kishindo. Lakini siku ya mkutano hakuna aliyesimama kunisuta, na baadhi ya watendaji wenzangu walitoka mikutanoni kwao kwa mlango wa nyuma.

Mzee wa Kasumulu:
Kuna jambo kijana hajaliona. Lori likishaondoka, mkuu wa kijiji anawaita walioandikwa na wasioandikwa, mifuko inafunguliwa, watu wanagawana kwa sahani. Nimeliona kwa macho yangu. Kwa hiyo huyo mama mahindi atayapata hata asipoandikwa. Kinachomuuma ni wewe kula kwake, kumwahidi, halafu jina lisisomwe mbele za watu.

Dada wa Kibondo:
Ni kweli mzee, kugawana huko kupo sana Malawi, na mashirika hayapendi kwa sababu kilo 50 za kaya maskini zinaishia kuwa kidogo tu. Ila ndiko kunakowafanya majirani walale usingizi.

Na wewe mleta mada, hilo jiwe usilichukulie mzaha. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliwahamisha watumishi wake kutoka Mulanje na Phalombe, hapo hapo ulipo, baada ya uvumi wa wanyonya damu. Wanawaita anamapopa. Watu waliuawa na makundi ya raia kwa kushukiwa tu. Mgeni anayepita nyumba kwa nyumba na karatasi, anaandika majina, halafu baadhi wanapata na wengine wanakosa, ni rahisi sana kusingiziwa.

Bi Mkasi:
Mumiani hao! Bibi yangu Tanga mpaka anazeeka akiliona gari la zimamoto alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango. Tulimbembeleza sana, hakusikia.

Kachero wa Uyole:
Samahani kwa kuwaharibia starehe. Hii ni chai. Akaunti ya leo, uzi wa kwanza, kila akibanwa anatoa kipande kipya. Na Mulanje si ndiko kwenye mashamba ya chai? Basi imechumwa huko huko.

Ushahidi huu hapa. Mimi nimesomea kilimo. Kusini mwa Malawi mahindi yanapandwa mvua zikianza, Novemba kuelekea Desemba. Mabichi yanaliwa kuanzia Februari, yanavunwa Aprili na Mei. Huyu anasema "mwezi uliopita", yaani Oktoba, tena mwaka wa ukame, kachomewa mahindi mabichi yaliyotoka kuvunjwa. Yametoka shamba gani, mkuu? Msimamizi futa uzi tulale.

Chapombe wa Mwanjelwa:
Nilijua tu. Nirudishieni ushauri wangu.

Mtendaji Mstaafu:
Hata mimi hilo lilinipita. Mleta mada, jibu.

Mnyalu wa Mafinga:
Kachero usijifanye unajua kila kitu kwa sababu ulipita chuoni. Hayo ni mahindi ya dimba. Dimba ni bondeni kando ya mto, ardhi haikauki hata kiangazi, wanamwagilia kwa pampu ya kukanyaga. Mama ana dimba lake, na si dogo, karithi kwa mama yake, maana huku ardhi inapita kwa wanawake na mume ndiye anayehamia kwa mke. Nimefika mwenyewe, hiyo pampu nimeikanyaga mpaka magoti yakawaka moto. Nyanya zake zinapakiwa kwenye minibasi zinaenda kuuzwa mpaka Limbe. Haya, nani mwongo hapa?

Kachero wa Uyole:
Nimekuamini mkuu. Dimba nalijua, kwetu tungesema kilimo cha vinyungu. Neno chai naliondoa.

Bwana Kitonga:
Ngoja kwanza, msikimbie. Ana bonde lenye maji mwaka wa ukame. Ana pampu. Nyanya zinafika Limbe. Binti anatuma pesa kutoka Joni. Ana nyumba ya kupangisha, tena mpangaji ni wewe na unalipa mapema. Na huyo ndiye unayemjazia fomu ya njaa?

Mnyalu wa Mafinga:
Mjane ni mjane. Vigezo vinataja kaya inayoongozwa na mwanamke, sijavitunga mimi. Na tomato ya mwaka mmoja si utajiri, bei inaanguka wakati wowote. Ninyi hamjui jinsi alivyonipokea siku nafika hapa na begi moja, sijui hata pa kununua mkaa.

Dada wa Kibondo:
Hakuna anayemkataa huyo mama kuwa mwema. Lakini huwezi kusoma kigezo kimoja ukaviruka vingine. Kijiji kilimwacha kwa sababu kinalijua hilo bonde kuliko wewe.

Sasa nina swali jingine. Mama mwenye nyumba kununa naelewa. Muuza mandasi yeye anaudhiwa na nini? Fomu uliijazia wapi?

Mnyalu wa Mafinga:
Barazani. Jioni.

Dada wa Kibondo:
Nani alikuwepo?

Mnyalu wa Mafinga:
Watu wa kawaida tu wa pale. Mama mwenyewe, mtoto, na huyo wa mandasi alikuwa amekuja kudai sahani yake.

Mtendaji Mstaafu:
Naye yumo kwenye orodha?

Mnyalu wa Mafinga:
Alikosa. Alikuwa anayefuata.

Mzee wa Kasumulu:
Loo.

Dada wa Kibondo:
Basi mdogo wangu una watu wa aina mbili wamekununia kwa sababu zinazopingana. Mama amenuna kwa kuwa hujamwingiza, na mtaa umenuna kwa kuwa wamekuona unamwingiza, kwenye nafasi ambayo kwa mpangilio wa mkutano ni ya mama wa mandasi. Jiwe halikutoka kwa mama mwenye nyumba.

Fanya hivi. Leo hii mwandikie bosi wako kwamba unaishi kwa mtu aliye ndani ya eneo la mgao na mna mazoea, kwa hiyo Ijumaa orodha ashike mwenzako. Fomu uliyojaza mkabidhi, usiichane, maana watu wameiona. Marekebisho yasomwe kwa sauti mkutanoni, mkuu wa kijiji akiwepo. Kisha utafute nyumba nyingine, ikiwezekana huko mjini Mulanje.

Mnyalu wa Mafinga:
Kuhama kwa sasa siwezi, kodi nimeshalipa mpaka Januari.

Bi Mkasi:
Kodi! Watu wanatupa mawe yeye anawaza kodi.

Dada wa Kibondo:
Haya, kodi tuiache. Barua kwa bosi inakushinda nini?

Mnyalu wa Mafinga:
Dada, hapo ndipo pagumu. Hii nyumba sikuitafuta mimi. Bosi ndiye aliyenileta. Huyo mama ni shemeji yake.

Bwana Kitonga:
Msimamizi, uzi usifungwe. Mtu kafungua akaunti leo kutuuliza mila za Wamalawi, kumbe ana shemeji wa bosi kwenye fomu.

Mtendaji Mstaafu:
Sasa swali ni nani alikuambia ujaze hiyo fomu, wewe mwenyewe au yeye? Jibu hilo kabla hatujaendelea.