Kumwachisha kazi aliye kwenye kipindi cha majaribio

Muulizaji, Kariakoo:
Ndugu zangu, habari za kazi. Katika duka letu la jumla yupo karani wa stoo aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi 6, na sasa anaingia mwezi wa 5 huku hesabu zake za mzigo zikipishana kila wiki. Bosi anataka aondoke kesho. Je, inafaa?

Jibu, Ilala:
Ndugu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2007 zinataka aelezwe kasoro zake, asikilizwe na apewe muda wa kujirekebisha. Mliwahi kumwandikia chochote?

Muulizaji:
Hapana, alikemewa kwa mdomo tu.

Jibu, Temeke:
Basi anzeni na barua. Kwa uzoefu wangu, karani wa namna hiyo mara nyingi hakufundishwa daftari la stoo, akatupiwa funguo siku ya kwanza. Mkimwachisha, kumbukeni notisi: anayelipwa kwa mwezi hupewa siku zisizopungua 28, au malipo badala yake.