Mrejesho: laptop ya chuo kwa laki tano

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza ninunue laptop gani ya chuo kwa bajeti ya laki tano, mkaniambia niachane na mpya ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, nitafute used iliyotoka maofisini. Nikasikia. Nimepata ThinkPad T470 Kariakoo, RAM GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, kwa laki nne na themanini baada ya kubembelezana sana. Inawaka chap, na Excel haigandi. Ahsanteni mno.

Kibodi, bawaba na matundu ya USB nilikagua kama mlivyosema. Betri ndiyo nilisahau! Hii mashine ina mbili: ya ndani imekufa, ya nje inanipa saa moja na nusu tu. Muuzaji kagoma, eti warantii haihusu betri. Mnaokwenda kununua, andikeni powercfg /batteryreport kwenye CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) mpate ripoti ya hali ya betri kabla hamjatoa hela.