Volga, Zhiguli au Zaporozhets: lipi lilibeba maisha ya Wasovieti katika filamu na simulizi?

Mpenda Filamu (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha watazamaji wa filamu kimenipa jioni moja ya kuzungumzia magari ya Kisovieti, nami nimeamua kulishika gari moja tu badala ya kupitia orodha ndefu ambayo hakuna atakayeikumbuka kesho yake. Nimebakiwa na matatu: Volga GAZ-21, iliyoundwa katika jiji la Gorky kuanzia 1956 hadi 1970; Zhiguli VAZ-2101, iliyoanza kutoka katika kiwanda cha Tolyatti mwaka 1970; na Zaporozhets ZAZ-965, iliyoundwa Ukraine kati ya 1960 na 1969.

Mimi naegemea Volga, na sababu yangu ni filamu ya Eldar Ryazanov ya mwaka 1966, *Beregis Avtomobilya*, yaani Jihadhari na Gari. Yuri Detochkin, wakala wa bima aliyeigizwa na Innokenty Smoktunovsky, anaiba magari ya watu waliotajirika kwa hongo na ulanguzi, anayauza, kisha fedha anazipeleka katika vituo vya kulelea watoto yatima. Mmoja wa wanaoibiwa ni muuza duka, na mtazamaji wa wakati ule alijua kwamba mshahara wa muuza duka haukuikaribia bei ya Volga, kwa hiyo gari lenyewe lilimshitaki mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Naomba hoja zenu.

Fundi wa Karakana

Ndugu mleta mada, hoja yako ni nzito, lakini inathibitisha kinyume cha unachokitaka. Volga katika filamu hiyo ni gari la kutazamwa kwa jicho la mtu aliyesimama kando ya barabara. Maisha ya watu wa kawaida yaliingia ndani ya Zhiguli.

Tuanze na chanzo chake. Mwaka 1966 serikali ya Kisovieti ilikubaliana na Fiat ya Italia kujenga kiwanda kikubwa katika mji uliokwisha kupewa jina la Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia. Gari lililochaguliwa ni Fiat 124, ambalo lilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1967, lakini lisingezihimili barabara za Urusi kama lilivyokuwa. Bati la bodi likaongezwa unene, gari likainuliwa kutoka ardhini, breki za diski za nyuma zikaondolewa na kuwekwa za ngoma, ambazo hazikuharibiwa haraka na matope, na injini ikabadilishwa. Hata nafasi ya hendeli ilibakizwa, ili dereva aweze kuwasha gari kwa mkono betri inapolemewa na baridi. Kwangu mimi mabadiliko hayo ni sehemu ya utamaduni, kwa sababu ndiyo yaliyomwezesha mtu kulitengeneza gari lake mwenyewe uani, akisaidiwa na jirani. Baadaye watu walilibandika jina la Kopeyka, sarafu ndogo kuliko zote, na mwaka 2002 ikatolewa filamu yenye jina hilo hilo inayofuata gari moja likipita mikononi mwa wamiliki tofauti.

Mwanafunzi wa Zamani wa Moscow

Vijana wangu, nilisoma Moscow miaka ya themanini na ninamuunga mkono Fundi. Usiku, mabasi yalipokwisha, tulisimama kando ya barabara na kunyoosha mkono, na mara nyingi aliyesimama alikuwa raia mwenye Zhiguli yake, si teksi. Bei mlipatana kupitia dirishani, kisha mkaondoka mkizungumza kama watu wanaofahamiana.

Jambo moja sijalisahau. Vipuri vilikuwa adimu, hivyo mwenye gari alipoliegesha alizing'oa waipa na kuingia nazo nyumbani ili zisiibwe. Mvua ilipoanza ghafla, magari yalisimama pembeni, madereva wakashuka, wakazifunga waipa zao, na safari ikaendelea. Sikuona mtu aliyeshangaa. Mgeni anayetazama filamu za enzi hizo asipojua kwamba gari lilisubiriwa kwa miaka, hataelewa kwa nini mhusika analifuta vumbi kwa upole namna ile.

Binti wa Pwani

Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza kwamba Volga ina sura ya pili ambayo mleta mada hajaigusa. Nchini Poland, hasa katika miaka ya sitini na sabini, watoto walitishwa kwa simulizi ya Volga nyeusi inayozunguka mitaani na kuwateka. Wengine walisema ndani yake mna mapadri au watawa, wengine maofisa wa usalama. Gari la wakubwa liligeuka zimwi, na sidhani kama Zhiguli ingeweza kubeba hofu ya namna hiyo.

Kuhusu Zhiguli, ambayo nje ya Urusi iliuzwa kwa jina la Lada, kwa miongo mingi teksi za Addis Ababa zilikuwa Lada zilizopakwa buluu na nyeupe. Gari hilo liliingia katika kumbukumbu za jiji jingine kabisa bila kuhitaji filamu yoyote.

Mtetezi wa Wanyonge

Nasikitika kwamba Zaporozhets imeachwa nyuma. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa, mgongo wake ukawafanya watu waiite Kibyongo, na vichekesho juu yake havina idadi. Lakini yalitengenezwa pia matoleo ya kuendeshwa kwa mikono, ambayo walipewa watu waliopoteza miguu vitani. Watu walilicheka gari hilo huku wakilipenda, na mapenzi ya namna hiyo Volga haikuyapata. Filamu ya James Bond ya mwaka 1995, *GoldenEye*, ililitumia kama gari bovu la kugongwa nyundo, na naona ilimwonyesha mtazamaji wa nje nusu tu ya habari.

Mpenda Filamu (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Neno la Fundi kuhusu mtu aliyesimama kando ya barabara limenigeuza: nilipozipitia tena filamu nilizokuwa nazo akilini, karibu zote zinaitazama Volga kutoka nje. Nitachukua Zhiguli. Kipande cha Detochkin nitakionyesha mwanzoni ili wasikilizaji waone gari ambalo wengi hawakulipata, na habari ya walemavu wa vita sitaiacha. Mzee, shikamoo, naomba, kama afya inaruhusu, uje utusimulie habari ya waipa kwa kinywa chako mwenyewe. Usafiri wa kukuleta na kukurudisha nitaushughulikia mimi.