MREJESHO: Maandishi kuwa namba kwenye COBOL (lugha ya kuandikia programu), limekaa sawa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini faili la mishahara likileta "1,250,000.50", programu yangu inatoa kiasi cha ajabu. Kosa lilikuwa MOVE: nilihamisha maandishi moja kwa moja kwenye sehemu ya namba, koma na nukta zikavuruga kila kitu. Aliyenielekeza NUMVAL-C (function ya COBOL inayogeuza maandishi kuwa namba), Mungu akubariki. NUMVAL ya kawaida haipokei koma, hii inapokea:

COMPUTE KIASI = FUNCTION NUMVAL-C(MAANDISHI)

KIASI ni PIC S9(9)V99, yaani namba yenye tarakimu 9 kabla ya nukta na 2 baada yake, inaweza kuwa chanya au hasi. Kwanza naita TEST-NUMVAL-C, inayokagua kama maandishi yanafaa kugeuzwa; yakiwa sawa inarudisha 0. Isiporudisha 0, mstari unaenda faili la makosa. Jana imenasa herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri. Huo ni mshahara wa mtu, jamani! Asanteni sana.