Dhahabu ya angani inafikaje duniani? Hadithi yangu imekwama

StooKondele:
Wadau, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni karani wa stoo kwa muuzaji wa jumla wa saruji na mabati. Mchana nahesabu mifuko, usiku naandika hadithi ya vijana wanaochimba dhahabu kwenye asteroidi, yaani mwamba unaozunguka jua huko angani. Sura 4 za kwanza zilitiririka zenyewe: mitambo inatafuna mwamba, vibarua wanadai mishahara, msimamizi ni mwizi. Nikampa dada yangu daftari. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia na swali moja tu: "Sasa hiyo dhahabu inaletwa na nani, na nauli analipa nani?"

Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari. Kinachouma ni kwamba hilo ni swali la stoo, na karani wa stoo ni mimi.

Nimejaribu hesabu. Roketi ya Saturn V, ile iliyopeleka watu Mwezini, ilikuwa na takriban tani 2,900 ikiwa imesimama pale Florida, nyingi zikiwa mafuta. Mzigo uliofika njia ya Mwezini ni kama tani 45. Yaani mafuta yanabeba mafuta yanayobeba mafuta. Watu walitua Mwezini mara 6, kati ya 1969 na 1972, na mawe na udongo wote waliorudi nao ni kilo 382. Probox ya Ahero hubeba zaidi ya hapo, tena na kuku juu. Wajapani nao walirusha chombo cha Hayabusa2 mwaka 2014 kiende asteroidi ya Ryugu. Mzigo ulifika 2020: gramu 5 na kitu. Gramu! Sonara angedhani unamtania.

Nifanyeje ili dhahabu yangu ijilipie nauli? Au niseme tu "walikuwa na injini mpya" nipite haraka haraka?

BabaTrela, Nakuru:
Injini mpya ni uvivu, usiiguse. Nimeendesha Mombasa–Malaba miaka 14. Kwenda nimejaa, kurudi mara nyingi ni tupu, na trela tupu nayo hunywa dizeli. Chombo chako kikienda kuchukua dhahabu kinapeleka nini huko? Kama hakipeleki kitu, mzigo mmoja unalipia safari mbili.

Lakini mimi sibebi dizeli ya kwenda na kurudi, kwa sababu njiani kuna vituo. Chombo chako hakina kituo, ndiyo maana kinajitwika matani yote hayo. Basi andika kituo. Ncha ya kusini ya Mwezi ina mashimo yasiyoona jua kabisa, na barafu imo. Maji ukiyapasua kwa umeme unapata hidrojeni na oksijeni: mafuta ya roketi hayo, na hewa ya kupumua. Uwauzie wanaopita. Mzigo usiorudi duniani haudaiwi nauli ya kurudi.

Tazama Salgaa. Hakuna aliyechimba kitu pale. Malori yalisimama, mama mmoja akakaanga chapati, mwingine akajenga lojingi, leo ni mji. Tuandikie Salgaa ya angani.

MwanaIkolomani:
Baba Trela amesema kweli, ila shimo lenyewe amelipita. Kwetu Kakamega, mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini watu mpaka leo wanachimba huku kwa sururu na karai. Adui yetu ni maji. Shimo likijaa anaitwa mwenye pampu, na huyo hataki pesa: anatoa magunia yake ya mawe kabla mwenye shimo hajagusa lake. Hajawahi kushika sururu, lakini ndiye mwenye pikipiki mpya kijijini.

Huko kwako maji ndiyo mali, kwa hiyo pampu itakuwa kitu kingine. Mimi naona hewa. Mpe mtu mmoja mtambo wa hewa, umnyime sururu. Yule msimamizi mwizi hutamhitaji tena.

NyotaYaMilimani:
Mnaiua hadithi kwa risiti! Riwaya ya *Dune* ya 1965 ina mali inayopatikana sayari moja tu, na hakuna anayeisoma kwa ajili ya nauli.

BabaTrela, Nakuru:
Dada, ile sehemu mnyoo mkubwa wa jangwani unakuja kumeza mtambo, huku ndege ya kuunyanyua haionekani, hilo si tatizo la usafiri?

NyotaYaMilimani:
Haya. Hapo umenishika.

StooKondele:
Nimecheka peke yangu stoo hadi turnboi akaniuliza kuna nini. Mji ninaokaa ni Salgaa ya zamani! Reli ilifika hapa 1901, ziwa likakata njia, mzigo ukabidi uhamishwe kutoka behewa hadi meli. Na meli za kwanza zenyewe zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungiwa huku ziwani.

Basi mtambo wa hewa utafika hivyo hivyo, vipande. Sanduku moja litafunguliwa likutwe na misumari ya mabati badala ya vichujio. (Mwaka huu yamenikuta mara mbili, na wote waliotia sahihi hawakumbuki kitu.) Mwenye mtambo atalijua hilo peke yake, na bei ya hewa ataipandisha usiku huo huo.

Dhahabu nimeifuta. Baba Trela, kulaza trela Salgaa usiku mmoja ni pesa ngapi siku hizi? Nataka bei za kituo changu zisinuke ubunifu.